Mke wangu amehamia kwa walokole. Je, mahakama itanipa watoto?

Shangazi, shikamoo. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa kanisani, sote tukiwa Wakatoliki, na tuna binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 4. Miaka mitatu iliyopita mke wangu alihamia kwenye kanisa la walokole, na kila Ijumaa anakesha huko na watoto. Tangu mwaka jana ninaishi mbali na nyumbani Morogoro kwa sababu za kikazi. Mwezi Machi alinishtaki ustawi wa jamii akidai matunzo. Sasa naona imani yake ni hatari, kwani sote tuliyaona ya Shakahola. Nataka mahakama inipe watoto niwapeleke kwa mama yangu Songea, wakue katika imani yao. Nimesikia pia kwamba mchungaji alimwambia binti yangu, ambaye ana pumu, aache dawa. Nikinyimwa, nitawafuata shuleni niwachukue. Je, imani ya mama haitoshi kumnyima watoto?
Baba wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba kugawanyika, kwa maana kulala mbali na watoto si jambo jepesi kwa mzazi yeyote. Baada ya pole hiyo, tuisome barua yako upya, pamoja na yale uliyoyapitia haraka ukitumaini kwamba sitayaona.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini katika safu hii asiyekuwepo ndiye ninayeanza kumsikiliza. Mkeo alihamia kwa walokole miaka mitatu iliyopita, na muda mwingi wa miaka hiyo mliishi chini ya paa moja, ukala chakula alichokipika akitoka mkeshani, wala hukuona hatari yoyote. Hatari umeiona baada ya mwezi Machi, ulipoitwa ustawi wa jamii. Tarehe hizo umeziandika kwa mkono wako, nami nikizipanga naona kwamba kilichokuamsha si maombi ya mkeo, bali ni matunzo unayodaiwa.

Unasema watoto wakue katika imani yao. Binti wa miaka 9 ni wa umri wa kuanza mafundisho ya komunyo ya kwanza, lakini hukuandika kwamba ulimwandikisha, hukutaja jumuiya unayosali, wala katekista uliyemwendea kuomba ushauri. Baba anayelilia imani ya wanawe huwa anajua angalau siku ya mafundisho. Isitoshe, hukusema kwamba utawalea wewe, umesema utawapeleka Songea. Kwa hiyo kesi unayotaka kuifungua ni kati ya mama na bibi, wewe ukiwa dalali. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kazi hiyo umekwisha kumgawia mama yako ambaye hukutuambia kama umemuuliza.

Sasa nikujibu swali lako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama iutangulize ustawi wa mtoto kuliko jambo jingine lolote. Baada ya hapo ndipo inapoangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yenu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini mwenye kuipinga anahitaji ushahidi, na mvulana wako ana miaka 4. Mahakama inatakiwa pia kuzingatia ubaya wa kumhamisha mtoto kutoka mazingira aliyoyazoea, na safari ya kutoka Morogoro hadi Songea, kwenye shule mpya na mbali na wazazi wote wawili, ni mfano kamili wa uhamisho huo. Dini haikusahaulika, kwa maana sheria hiyo hiyo inairuhusu mahakama kuweka masharti kuhusu makazi ya mtoto, elimu yake na hata dini atakayolelewa. Hata hivyo, kuweka sharti kuhusu dini ni jambo moja, na kumpokonya mama watoto kwa sababu ya madhehebu yake ni jambo jingine kabisa.

Jambo hili limewatoa jasho hata mahakimu wa mbali. Nchini Austria, mahakama ya juu ilimpa baba watoto baada ya mama kujiunga na Mashahidi wa Yehova. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mama yule alibaguliwa kwa ajili ya dini yake. Tofauti ya kura moja inaonyesha kwamba jambo hili si jepesi, nawe unataka nikuamulie kwa barua ya ukurasa mmoja.

Umeitaja Shakahola, na jina hilo halitajwi ovyo. Kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Walikuwa wamefundishwa kukataa shule na hospitali. Ukitaka kulinganisha, linganisha hayo: je, wanao wanakula, wanasoma, wanatibiwa? Sauti kubwa ya maombi na mafuta ya upako havimo katika orodha hiyo.

Ndiyo maana sentensi moja tu ya barua yako ilinikosesha raha, nayo umeiweka karibu na mwisho, tena kwa neno "nimesikia". Mtoto wa pumu akiachishwa dawa anaweza kufa usiku mmoja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matibabu, chanjo ikiwamo, na katazo hilo linamhusu mchungaji kama linavyomhusu mama. Umesikia kwa nani? Ulimpigia mkeo simu? Uliuliza kama inhela ya binti yako ina dawa, na nani aliinunua mara ya mwisho? Baba aliyesikia jambo kama hilo kwa kweli angekuwa kwenye basi, asingekuwa anatafuta anwani ya Shangazi.

Simtetei mkeo katika kila jambo. Mtoto wa miaka 4 hana kazi mkeshani hadi alfajiri, na kama ni kweli alikubali dawa isimamishwe, basi yeye ndiye atakayetakiwa kujieleza. Ila hayo ni matendo, na matendo yanathibitishwa kwa kadi ya kliniki na mahudhurio ya shule. Nanyi vijana, mnaunda kamati ya harusi, mnachangisha kwa miezi, mnabishana kuhusu rangi ya sare, lakini hamkai hata jioni moja kuulizana watoto watasali wapi iwapo mmoja wenu atabadilika.

Nenda Morogoro wiki hii, umpeleke binti hospitali pamoja na mama yake, mumsikie daktari kwa masikio yenu wote wawili. Kisha nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mwandikishane: dawa haiachwi bila daktari, watoto hawakeshi, na Jumapili fulani fulani unawachukua wewe kwenda misa, ikiwa kweli unakwenda. Mkishindwana, Mahakama ya Watoto ipo. Hilo la kuwavizia shuleni liondoe kichwani, kwa sababu utawatisha watoto, na ukifika mahakamani utakuwa umempa mkeo ushahidi ambao hakuwa nao. Matunzo unayodaiwa yalipe kabla ya kufungua kesi yoyote, na risiti uzitunze, maana swali la kwanza utakaloulizwa halitahusu dini ya mkeo.