Mama ataka chama, mwenzangu ataka Sacco

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, ni karani kwenye yadi ya makontena Changamwe. Nikijibana, kila mwezi nabakisha 7,000. Mama ataka nizitie kwenye chama chake cha kupeana pesa kwa zamu, mwenzangu kazini anishawishi niingie Sacco yao (ushirika wa akiba na mikopo), na binamu yangu asema ni MMF tu, yaani mfuko wa soko la fedha, mengine ushamba. Ndoto yangu ni kiwanja Mtwapa, lakini naogopa riba. Nizitie wapi?
Msichana wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Hao watatu kila mmoja amekupendekezea pale palipomfaa yeye. Hakuna aliyekuuliza pesa utazihitaji lini, na jibu lote liko hapo.

Ukiugua kesho au kazi ikisimama, una nini? Kama huna kitu, Sacco isubiri. Amana za Sacco huzitoi utakapo. Mara nyingi sharti ujitoe uanachama kwanza, na notisi huwa siku 60. Mwenye nyumba wako hangoji siku 60.

Kwa hivyo anza na huo mfuko wa soko la fedha, binamu yako hapo kasema kweli. Ukiomba pesa zako, huzipata kwa siku chache. Ila faida hukatwa kodi ya asilimia 15, na huko si benki: ile bima inayolinda amana za benki hadi 500,000 haikufikii. Hakikisha mfuko una leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Kuhusu riba, iko mifuko inayofuata sharia. Uliza bodi yao ya masheikh ni kina nani, na wakibabaika ondoka. Ikiwa matumizi yako ni 25,000 kwa mwezi, weka hadi ufike 75,000. Ni kama miezi kumi na moja.

Baada ya hapo, Sacco, kwa sababu ya kiwanja. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya amana: mwaka mmoja wa 7,000 ni 84,000, na waweza kukopeshwa hadi 252,000 ukipata wadhamini. Mkopo wa kawaida una riba, basi tafuta Sacco ya Kiislamu, nayo itazame kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, kabla ya kutoa senti. Na hili la wadhamini lisome mara mbili. Nawe utaletewa fomu udhamini wenzako, na huyo wa kwanza kukuletea aghalabu ndiye mwenye madeni kila duka. Akishindwa kulipa, amana zako ndizo zinazokamatwa. Kataa kwa upole, lakini kataa.

Chama cha mama sasa. Kwa hesabu tupu hakina faida: ikifika zamu yako wapokea pesa zako mwenyewe. Lakini wale kina mama ndio watakaosimama jikoni siku ya arusi yako, na watakaojaa kwenu mkifikwa na msiba. Usimkatalie mama. Mwombe mgawane nafasi moja, nusu yake nusu yako, kisha uiagize benki ikate kinachobaki kiende kwenye akiba siku ile ile ya mshahara, kabla jamaa hawajapiga simu. Salio lako usimtajie mtu, hata huyo binamu.

Ukikaribia kiwanja, niandikie tena kabla hujampa dalali hata shilingi.