Ninunue IST au niendelee na daladala?

SWALI: Dada shikamoo, habari za kazi. Naishi Mbezi Msumi na kazi yangu iko Posta, nina mke na watoto wawili, na mama mzazi tunakaa nae. Nimejichanga nimefikisha milioni 14 nataka kuagiza gari, Toyota IST, toka Japani, maana nimechoka kugombania usafiri asubuhi, boda mpaka Mbezi Mwisho halafu daladala, kwa siku inanitoka kama elfu 5. Mke wangu anasema ninunue, kaka anasema mafuta yatanimaliza. Nifanyeje? Baba Neema.

JIBU: Marahaba Baba Neema. Kwenye mafuta kaka yako hajakosea. Kwenda na kurudi Posta kwako si chini ya kilomita 45, IST kwenye foleni itakupa kilomita 10 au 11 kwa lita, na petroli hata ikiwa elfu 3 tu kwa lita hapo unachoma elfu 12 na zaidi kila siku, hujalipa paking ya mjini, hujagusa bushi na shokapu, na barabara za huko ndani mvua ikinyesha unazijua mwenyewe. Halafu zile njia nane za Morogoro Road zinaishia Kimara, kuanzia pale unakaa foleni huku mwendokasi inakupita kwenye njia yake. Inajaa kweli, tangu ianze 2016 watu wanalia, ila inakupita.

Mimi ninachokiangalia hapo ni huyo mama. Mama yangu magoti yaliisha, kliniki kila mwezi, siku moja anapanda daladala kashika chuma cha mlango kwa mikono miwili, mguu mmoja ndani mwingine bado uko chini, konda kashagonga bodi twende, nikamdaka kiunoni, kandambili yake ikabaki barabarani. Siku ile ndo nilijua gari ni ya nini jamani. Ni ya mama na kliniki, ni ya mtoto kubanwa kifua saa nane usiku na boda hawaonekani.

Kwa hiyo kaa na mkeo muandike safari za miezi mitatu iliyopita ambazo boda na daladala vilishindwa kabisa. Zikiwa mbili tatu, teksi ya kuita kwenye simu inatosha, tunza hela. Zikiwa za kila wiki nunua, ila wewe kazini endelea kupanda gari za watu na IST ibaki nyumbani kwa mkeo, yeye ndo anashinda na mama na watoto. Road license, ile ada ya gari ya kila mwaka, ilifutwa 2017 ikahamia kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari ikipaki haikuli sana, bima tu.

Usimalize milioni 14 yote. IST za toleo la kwanza, za 2002 mpaka 2007, zote zimevuka miaka 10, zinapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, bado ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, so ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi Japani. Ukiona ikilipiwa yote hubaki na milioni moja ya fundi, subiri kwanza ujichange tena. Na mkeo aanze shule ya udereva mwezi huu huu, meli ikifika leseni iwe mkononi.