Acha kuandika -110, andika jina la kosa

Ndugu yangu wa Ujiji, draiva yako ya Linux (programu ya kernel inayoendesha kifaa) ya kipima kina cha maji ina tatizo dogo tu: mstari wa "imeshindwa kusoma: -110" hausemi kitu mpaka mtu afungue jedwali la makosa. Badala ya %d, inayoandika namba, tumia %pe, inayoandika jina la kosa, ukiifunga namba ya kosa (ret) kwa ERR_PTR, inayoigeuza kuwa pointa (anwani ya kumbukumbu), hivi:

dev_err(dev, "imeshindwa kusoma: %pe\n", ERR_PTR(ret));

Logi itaandika -ETIMEDOUT, na hapo hapo unajua kifaa hakijajibu kwa wakati. %pe ipo tangu Linux 5.5.

Nalisisitiza hili kwa sababu namba zenyewe si moja kila mahali. Kwenye prosesa za x86 na ARM kosa hilo ni 110, kwenye prosesa za MIPS ni 145. Ruta nyingi za zamani ni MIPS! Mwaka jana nilikaa gatini Kigoma nusu siku, mvua inanyesha, nikitafsiri 145 kwa jedwali la laptopu yangu. Jina lingeniokoa.

Angalia sana: %pe inataka pointa, kwa hiyo usiipe ret mtupu. Kama tayari una pointa yenye kosa, ipitishe moja kwa moja bila ERR_PTR. Na CONFIG_SYMBOLIC_ERRNAME (chaguo la kernel linalowasha majina hayo) ikizimwa utarudishiwa namba, hakuna kinachoharibika.

Ndani ya probe (kazi ya draiva inayoitwa kifaa kinapopatikana), tumia dev_err_probe (kuanzia Linux 5.9). Inaandika kosa yenyewe, na -EPROBE_DEFER (yaani "bado, jaribu tena baadaye") haiipigii kelele.