Uzito upi wa karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) ulinganishwe na wa gari?
Ule wa ikiwa imejaa, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida umechapwa kwenye kibati karibu na mlango. Uzito mtupu ambao wauzaji hupenda kuutaja hauhesabu nguo, vyombo, hema la pembeni wala baiskeli za watoto, na familia ya watu wanne hujaza kilo 150 bila hata kujua. Nchini Uingereza wanaoanza hushauriwa wasizidi asilimia 85 ya uzito wa gari: gari la kilo 1,500, karavani isizidi 1,275. Huo ni ushauri tu. Kisheria kinachobana ni kiwango cha uzito wa kuvutwa alichoweka mtengenezaji wa gari, kwa hiyo soma kitabu cha gari kwanza.

Ila hata ukiwa ndani ya kiwango, upakiaji mbovu unaweza kukuyumbisha barabarani. Vizito viwe chini sakafuni, juu ya ekseli (mhimili wa magurudumu). Ukirundika nyuma, mkia utaanza kucheza ukiongeza mwendo.

Kama karavani ni ya mkono wa pili, bonyeza kuta za pembeni mwa madirisha na ndani ya makabati. Pakibonyea, maji yameshaingia, na mimi hapo ningeondoka.