Fundisha udongo, mikono yako nyuma

Kwenye kambi za likizo ninakofundisha watoto kufinyanga hapa Dar es Salaam, vijana wanaokuja kunisaidia nawapa sharti moja kabla hatujafungua hata ndoo ya udongo: kazi ya mtoto haiguswi na mkono wa mtu mzima. Haiguswi kunyooshwa wala kupendezeshwa, hata pale tembo anapoanza kulalia upande na mwenye tembo machozi yanamlengalenga. Wote huitikia asubuhi, na ikifika saa tano utamkuta mmoja ameshashika mkonga wa tembo wa mtoto. Kinachowaponza ni huruma, naielewa. Lakini mtoto wa miaka 6 ukimrekebishia sikio moja, la pili haligusi tena, atakuletea wewe. Na siku ya maonyesho mama yake akimuuliza, "Hii umetengeneza mwenyewe?" atakutazama wewe kwanza kabla hajajibu. Jicho lile linaniuma kuliko chungu kilichopasuka.

Kumwambia mwalimu asiguse ni rahisi. Shughuli iko kwenye kuandaa mambo mpaka haja ya kugusa isiwepo. Kazi nyingi za watoto huharibika kwa sababu ambazo mtoto hahusiki nazo kabisa: udongo haukuchujwa, kuta ni nene mno, viungo vimebandikwa juu juu, upepo umekausha upande mmoja. Hayo ni yako, na mengine unatakiwa uwe umeyamaliza wiki moja kabla mtoto hajafika.

Anza na udongo wenyewe. Wa bondeni, kwenye kingo za mito, ndio unaopendwa na wafinyanzi wengi. Wa kichuguu nao hufaa, maana mchwa wameshautenga na kokoto. Upime hivi: sokota kamba ya unene wa penseli, izungushe kwenye kidole. Ikizunguka bila kukatika, mnato upo. Ukiona unateleza na kung'ang'ania vidoleni, huo utasinyaa sana na kupasuka wakati wa kukauka, kwa hiyo uongeze mchanga laini au vigae vilivyosagwa, sehemu 1 kwa sehemu 5 hivi.

Sisi wa pwani tuna adui wetu: vipande vya kombe na mawe ya chokaa. Kipande cha ukubwa wa punje ya mtama kikipita motoni hugeuka chokaa inayonywa unyevu wa hewani na kuvimba. Chungu kinatoka kwenye moto kizima, kinakaa dirishani siku tatu, halafu ubavu unabanduka wenyewe. Mtoto anadhani ni kosa lake. Kwa hiyo loweka udongo kwenye pipa mpaka uwe uji, upitishe kwenye wavu wa mbu, uache utuame, mwaga maji ya juu, kisha uanike juu ya magunia mpaka ushikike. Wavu huo huo utakutolea miiba na vigae vya chupa, na hapo utalala usingizi ukijua vidole vya watoto wa watu viko salama. Kukanda waachie watoto wenyewe. Waambie waukande kama unga wa chapati. Hakuna atakayeuliza maana yake.

Nusu kilo inamtosha mtoto wa miaka 5, kilo moja mtoto wa miaka 10. Ukimpa mdogo bonge kubwa atatumia nguvu zake zote kulishinda, na akilishinda amechoka.

Siku ya kwanza hatuhifadhi chochote. Nawatangazia mapema: kila tutakachotengeneza leo tutakivunja jioni na kukirudisha kwenye ndoo. Wazazi wengine hushangaa, ila hakuna siku yenye faida kama hiyo. Mtoto anayejua kazi yake haipelekwi popote hujaribu mambo ya ajabu. Hutoboa, hukunja, hujenga mnara mpaka uanguke, huchapa gunzi la mahindi na magamba ya mti juu ya udongo kuona alama itakayobaki. Mimi nami nafinyanga mbele yao. Nikimaliza kuonyesha, naibonda kazi yangu. Ukiacha tembo wako mezani, utapata matembo kumi na tano yanayofanana naye na watoto kumi na tano wanaolalamika kwamba wa mwalimu ni mzuri zaidi.

Mtoto akija na "Mwalimu, nimeshindwa," muulize ameshindwa wapi, akuonyeshe kwa kidole. Mara nyingi akishaonyesha anajibu mwenyewe. Asipojibu, chukua tonge lako, onyesha pale pale palipomshinda, sikio tu au kiungo tu, kisha libonde arudi kwake. Usimalizie.

Kanuni za lazima ni mbili, nazo nazirudia mpaka zinawatoka watoto midomoni bila kuulizwa. Ya kwanza ni unene: ukuta usizidi kidole chako cha mwisho. Watu husema hewa iliyojificha ndani ndiyo inayolipua kazi motoni. Mlipuaji hasa ni maji. Moto ukipita nyuzi 100 maji yaliyobaki hugeuka mvuke, na ukuta mnene hauupi mvuke njia ya kutoka. Kwa hiyo kiboko mnono lazima achokolewe tumboni kwa kijiko. Kanuni ya pili ni ya kuunganisha: kwaruza, paka, bana. Kwaruza pande zote mbili kwa kijiti cha mishikaki, paka uji mzito wa udongo ule ule, bana mpaka uji utokeze pembeni. Wadogo huufanya wimbo, na ukiusikia meza ya pili wakiimba ujue mikia ya wiki hiyo itabaki mahali pake.

Wanaotaka mtu aliyesimama wana shida ya kweli, kwa sababu miguu miwili myembamba ya udongo mbichi haibebi kiwiliwili. Usiwakataze, wape njia. Mwanamke aliyejifunga khanga anafinyangwa kwa bomba lenye uwazi ndani, linasimama lenyewe, na mikono inabanwa kifuani. Mzee wa kanzu vivyo hivyo. Ukiweza, wapeleke soko la vinyago la Mwenge wakaangalie vinyago vya Kimakonde vya ujamaa, ambamo watu wamepandana na kushikana katika gogo moja. Fundi wa kinyago anapunguza mti na sisi tunaongeza udongo, lakini watoto huona haraka kwamba mkono ulioshika bega hauvunjiki. Na wa bodaboda, ambao hawakosekani? Pikipiki tunailaza: tunafanya bamba la udongo, pikipiki inajengwa juu yake ikitokeza nusu. Magurudumu yanapona.

Wazazi huniuliza gurudumu la mfinyanzi liko wapi. Halipo, na sina mpango wa kulitafuta kwa watoto wa chini ya miaka 12. Wiki nzima ingeisha wakipigania kuliweka tonge katikati. Kinamama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, vyungu vyao vinavyosifika vinatoka mikononi bila mashine yoyote. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, ambaye vyombo vyake viko kwenye makumbusho makubwa duniani, hujenga kwa mkono. Miaka ya 1970 alikwenda Nigeria akajifunza katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, alikokuwa akifanya kazi Ladi Kwali, yule mama ambaye sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Huko mfinyanzi ndiye anayezunguka chungu, tena kinyumenyume, huku akivuta ukuta juu.

Jambo hilo limetupa kazi tunayoipenda kuliko zote: mtungi wa kambi. Tunaweka kitako cha udongo juu ya kigoda uwanjani, na kila mtoto analeta pindi lake, yaani kamba ya udongo aliyoisokota, analiongeza, analibana huku akitembea kuuzunguka mtungi. Unapanda kidogo kila siku, maana ukiharakishwa ukuta wa chini unalemewa. Mtungi hutoka na mabonde na mabega yasiyolingana, na kila mtoto anajua bega lake ni lipi.

Kwa umri, wa miaka 4 hadi 6 wape chungu cha kubonyeza: duara la udongo, gumba katikati, bonyeza na kuzungusha. Kikifunikizwa hicho kinakuwa kasa, ukiongeza kichwa na mapezi. Kuanzia 7 waingie kwenye mapindi. Wa 10 na kuendelea wape chetezo, chombo cha kufukizia udi. Kila mtoto wa pwani amekiona nyumbani, kina matundu, kina mguu, kina ukingo wa kuchezea nakshi, na kinarudi nyumbani kufanya kazi. Sijaona mradi unaofundisha mambo mengi namna hiyo kwa kifaa kidogo.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo huwaangusha walimu wengi. Kambi ni ya siku tano na udongo haujui hilo. Chetezo kilichofinyangwa Jumatano hakiwezi kuchomwa Ijumaa, hata ukikianika juani mchana kutwa. Hasa ukikianika juani. Methali inasema udongo uwahi ungali maji, na kwa kuunganisha ni kweli tupu, ila baada ya hapo kila kitu kinataka subira. Kazi za kuhifadhi zifanywe Jumanne na Jumatano. Alhamisi zinakuwa zimekaza kiasi, hazibonyei lakini bado zina ubaridi ukiziweka shavuni. Hapo ndipo pa kuchonga nakshi, kutoboa matundu ya chetezo na kusugua kwa kokoto laini mpaka zing'ae. Hapo ndipo pa kupaka rangi pia: ngeu kwa nyekundu, na kwa nyeupe kaolini, ambayo vilima vya Pugu vinajulikana kwayo. Watoto watataka nyeusi na watakuletea mkaa. Mkaa utaungua wote. Nyeusi inapatikana motoni, kwa kukifukia chombo cha moto ndani ya pumba za mbao au majani makavu ili moshi uingie.

Ili watoto wauone moto kabla kambi haijaisha, Jumatatu hiyo hiyo ya kuvunja nawaruhusu kuokoa kitu kimoja: shanga, zisizozidi upana wa kidole, zilizotobolewa kwa kijiti. Hizo zinakauka kufikia Ijumaa. Ijumaa tunachoma shanga, kila mtoto anavaa yake, na kazi kubwa zinabaki kwangu wiki mbili au tatu mpaka zikauke kabisa. Desemba, mvua za vuli zikiwa hazijaisha, huwa zaidi. Juni taabu ni nyingine, ni upepo wa kusi. Ukiweka kazi barazani, upande unaotazama upepo hukauka na kusinyaa kabla ya mwenzake, na ufa unaanzia hapo. Usiku zifunike kwa khanga kuukuu iliyoloa, au kazi ndogo zitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 nimezizoea ndoo, na sasa naona zinafaa kuliko mifuko.

Siku ya kuchoma kazi kubwa, zipashe kwanza polepole pembeni ya jiko la mkaa, kwa muda wa saa mbili au tatu. Kisha zipange juu ya kuni, zizungushie vifuu na makumbi, funika kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Moto wa wazi hufika nyuzi 700 hivi, na ukishapita 600 udongo umebadilika moja kwa moja, haurudi kuwa tope tena. Watoto wakae nyuma ya kamba, upande ambao moshi hauendi. Ziache zipoe zenyewe mpaka kesho yake. Anayechomoa chungu cha moto kwa koleo ili apige picha anakitafutia ufa.

Vingine vitapasuka, sema hivyo kabla ya kuwasha kiberiti. Na usimfiche mtoto vipande vyake. Mwite, mvitazame pamoja, mtafute ufa ulianzia wapi, kwenye kiungo au kwenye unene. Watoto ni hodari wa uchunguzi huo kuliko tunavyowadhania, na wengi wanaomba kuvisaga wenyewe viingie kwenye udongo wa kambi inayofuata.

Mambo madogo yaliyobaki. Jina la mtoto lichorwe chini ya kazi tangu dakika ya kwanza, naye alichore mwenyewe. Usifagie udongo mkavu, vumbi lake lina madini ya silika na si la kuvutwa na mapafu ya mtoto. Futa kwa tambara lililoloa. Mikono ioshwe kwenye ndoo, si kwenye sinki, na tope litakalotuama chini ni udongo wako wa kesho. Mwenye kidonda afungwe plasta. Asiyependa kuguswa na tope mpe kijiti aanze nacho, usimlazimishe. Wengi hukiacha wenyewe siku ya pili.

Wazazi wakija kuchukua kazi, waambie mambo ya matumizi, kwa sababu hawataki kuuliza. Chombo hiki hakina rangi ya kioo, ule utando wa kung'aa unaozuia maji, kwa hiyo maji yatapenya na kutoka jasho, ndivyo mtungi unavyopoza maji. Kisiachwe juu ya meza ya mbao kikiwa na maji. Chetezo kiwekewe mchanga au majivu chini kabla ya kaa la moto, na mara ya kwanza kaa liwe moja tu. Mtoto mwenye chetezo ndiye amweleze mzazi wake haya. Mwalimu asimame pembeni, aongeze pale tu mtoto atakaposahau.