Usiuvute huo mgolole mweupe chini ya Kombi

Kombi yangu, lile basi dogo la Volkswagen, ni ya mwaka 1971. Niliinunua hapa Leicester kwa sababu marehemu baba alikuwa nayo ya aina hiyo hiyo kule Moshi. Kule hita hakuna aliyeikumbuka. Hapa Uingereza, Januari bila hita huendeshi hata mpaka sokoni.

Injini yake inapozwa kwa upepo, si kwa maji. Feni inasukuma hewa ipite kwenye maboksi ya chuma yaliyozunguka mabomba ya eksozi, ipate moto, kisha isafiri ndani ya bomba refu chini ya sakafu mpaka miguuni pa dereva. Bomba likiwa tupu, hewa inafika mbele imekwisha kupoa, ndiyo maana huvalishwa kitu cha kushika joto.

Langu lilikuwa limevingirishwa kitambaa cheupe chenye ukijivu, kama bandeji iliyosahaulika. Nilipokimulika kwa tochi niliona kimechanika, nyuzi zinaning'inia, na pembeni bomba limetoboka kwa kutu, tundu la kuingia kidole. Hapo moyo ulinishtuka, nikashuku ni asbesto, yaani madini ya nyuzi yaliyotumika kushika joto, ambayo vumbi lake likivutwa huleta saratani. Vumbi likiangukia ndani ya bomba lile, njia yake ni moja tu, kwa abiria, na abiria wangu ni wanangu wawili.

Fundi mmoja aliniambia nikivute tu, dakika kumi kazi imekwisha. Tafadhali usimsikilize mtu wa namna hiyo. Kwa macho huwezi kutofautisha asbesto na nyuzi za glasi. Nilivaa barakoa ya FFP3, ile inayochuja vumbi laini sana, nikalowesha kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, nikakata kipande kama ukucha wa kidole gumba, nikakitia kwenye mfuko ndani ya mfuko na kukipeleka maabara yenye ithibati. Jibu lilikuja: krisotili, yaani asbesto nyeupe. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, kwa hiyo gari la umri wa langu lina kila sababu ya kushukiwa. Na madhara yake hayaji kesho. Saratani ya utando wa mapafu huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata zaidi. Mtu anakuwa amekwisha kulisahau gari lenyewe.

Kukitoa sikukitoa mimi. Niliita kampuni yenye leseni, na ile pesa sijaijutia hata siku moja. Kuwatazama kwa mbali kulinifunza: hawakukibandua kitambaa kabisa. Walikilowesha, wakalifunga bomba zima kwa plastiki, wakafungua bolti na kulishusha na nguo yake. Likaingia mfuko mwekundu, kisha mwingine wa kuonyesha ndani, wakaondoka nalo. Hakuna aliyegusa grainda wala kompresa. Na wewe usithubutu kufagia mabaki wala kuyavuta kwa mashine ya kusafishia zulia ya nyumbani, maana itayapuliza nyumba nzima.

Bomba jipya nililifunga mwenyewe. Nililivalisha kitambaa cha nyuzi za glasi, nikakibana kwa vibano vya chuma na kumalizia kwa utepe wa alumini unaostahimili joto. Blanketi la nyuzi za seramiki nililikataa ingawa linasifiwa sana, kwa kuwa nyuzi zake nazo zinahesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Ukiwa chini huko, kagua na yale maboksi ya eksozi. Yakiwa na tundu, moshi wa injini unaingia kwenye hewa ya hita, na kaboni monoksidi haina harufu. La kwangu la kushoto lilikuwa limeoza, nikabadilisha yote mawili.

Shemeji yangu wa Arusha ana Land Rover ya zamani isiyo na hita, akaniambia hayamhusu. Nikamuuliza breki anasafishaje. Kwa kompresa, akasema. Pedi na klachi za magari ya enzi hizo nyingi zilikuwa na asbesto. Sasa analowesha kwanza, anapangusa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa chenyewe anakifunga kwenye mfuko kabla hakijakauka.