Je, shujaa wangu ni mchawi?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 17, ninasoma kidato cha tano hapa Moshi. Ninaandika riwaya kuhusu falme mbili zenye uhasama tangu enzi za mababu, na shujaa wangu ni binti anayeamuru maji kwa maneno. Niliwasomea wenzangu bwenini sura tatu. Wawili walisema binti huyo ni mchawi, hivyo hawawezi kumpenda. Mwingine alisema vita havimtishi kwa sababu anajua binti ataokoa kila mtu. Je, niziondoe nguvu zake?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiziondoe, bali zibadilishie jina. Katika Kiswahili, mchawi ni mtu anayewadhuru wenzake kwa siri, ilhali anayeagua na kuponya huitwa mganga, na anayechezea macho ya watazamaji hufanya kiinimacho au mazingaombwe. Wenzako walipolisikia neno hilo hawakumwona binti uliyemkusudia. Walimwona jirani anayeogopwa kijijini. Tafuta jina ambalo watu wa ufalme wake wangelitumia wao wenyewe, kwa mfano “kunena na maji”, kisha waachie maadui zake wamwite mchawi. Hapo neno lenyewe litakuwa silaha, na kila msomaji wa kwetu anajua hatari inayomkabili mtu akishapachikwa jina hilo.

Kuhusu vita, “tangu enzi za mababu” ni muda, si sababu. Inua macho uutazame mlima. Kabla ya utawala wa Wajerumani, miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa na nchi nyingi ndogo, kila moja na mangi wake, yaani mtawala wake, na Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu wakubwa. Mwaka 1891 Rindi aliungana na Wajerumani kumshambulia Sina. Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani hao hao walimnyonga Meli, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine. Sikuambii uwaandike mamangi hao, kwani wana historia yao inayostahili heshima. Ninakuomba ujifunze kwao jinsi mtu mwenye akili anavyoweza kumkaribisha mgeni mwenye bunduki kwa sababu tu anamchukia jirani yake. Mfalme adui katika riwaya yako naye awe na sababu ambayo mama yake mzazi angeielewa.

Sasa nirudi kwa binti, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Yule mwenzako aliyesema haogopi ndiye aliyekusaidia kuliko wote. Nguvu zisizo na gharama haziogofyi wala hazifurahishi. Jiulize: maji anayoyaita binti yanatoka wapi? Umekulia katika nchi ya mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji ya mlimani hadi migombani, na unajua kwamba kila shamba lina zamu yake na kwamba anayeziba mfereji huko juu humkausha aliye chini. Basi binti aite maji usiku, aokoe ufalme wake, watu washangilie. Kisha, alfajiri, upande wa pili wa bonde, bibi kizee ateremke na ndoo yake hadi kwenye mfereji na akute tope tu, viluwiluwi wakitapatapa ndani yake. Usieleze chochote hapo. Mwache bibi ainame, aguse tope kwa kidole, arudi nyumbani na ndoo tupu. Kuanzia ukurasa huo, kila mara binti atakapofungua kinywa, msomaji ataogopa.

Jambo jingine lipo karibu nawe, pengine hata uani kwenu. Isale ambalo Wachaga hulipanda kuonyesha mpaka wa shamba ndilo hilo hilo ambalo jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha. Mmea mmoja unatenganisha na kupatanisha. Buni mmea wa namna hiyo katika falme zako, na uamue ni nani atakayekuwa wa kwanza kulichuma jani lake.

Andika upya sura ya tatu kuanzia kwa bibi yule, kisha wasomee tena wenzako wote watatu bila kuwaambia ulichobadilisha.